Siku Ambazo Mwili Unazihitaji: Limfosaiti, Kingamwili na Homa ya Bonde la Ufa Dodoma

Mvua za mwishoni mwa mwaka 2006 zilinyesha kupita kiasi Afrika Mashariki. Mabonde ya nyanda za kati, ambayo sehemu kubwa ya mwaka huwa makavu na yenye nyufa, yalijaa maji yakatuama. Ndani ya udongo wa mabonde ya namna hiyo hukaa mayai ya mbu yanayoweza kuvumilia ukame kwa miaka, na baadhi yake huwa yamebeba virusi tangu yalipotagwa. Maji yalipoyafikia, yakaanguliwa. Mwanzoni mwa 2007 kondoo, mbuzi na ng'ombe walianza kutupa mimba kwa wingi, ndama na wanakondoo wakafa, kisha watu wakaugua: homa kali, maumivu ya mwili, na kwa wachache ini kuharibika, macho kupoteza uwezo wa kuona, au damu kutoka puani na kwenye fizi.

Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, na hakuna mkoa wa Tanzania ulioumia kuliko Dodoma. Kati ya wagonjwa 186 waliothibitishwa na maabara nchi nzima, 103 walitoka Dodoma. Morogoro ilifuata ikiwa na 50. Watu zaidi ya 100 walifariki kabla mlipuko haujakoma katikati ya mwaka. Upande wa mifugo, walikufa ng'ombe karibu 17,000, mbuzi zaidi ya 20,000 na kondoo zaidi ya 12,000. Biashara ya nyama ilidorora, na familia zilizotegemea mnada kulipa ada za shule zilikosa pa kushika.

Mwaka ule Mtumba ilikuwa sehemu ya wakulima na wafugaji, kilomita 17 hivi mashariki mwa Dodoma mjini, kando ya barabara iendayo Morogoro. Wizara inayosimamia afya na ile inayosimamia mifugo zilikuwa Dar es Salaam. Leo zote mbili zina ofisi Mtumba, ndani ya Mji wa Serikali uliozinduliwa Aprili 2019, na watumishi wake wanaishi, wananunua nyama na kunywa maziwa katika mkoa uleule ulioongoza kwa wagonjwa. Mhadhara huu unahusu namna damu inavyojikinga na maradhi, na hakuna mahali panapofaa zaidi kuanzia kuliko hapo.

Wengi walioambukizwa mwaka 2007 walipona, baadhi bila hata kujua kilichowapata. Wengine walifariki siku chache baada ya homa kuanza. Kirusi kilikuwa kilekile. Zipo sababu kadhaa za tofauti hiyo, ikiwamo kiasi cha virusi mtu alichokipata alipochinja au kumzalisha mnyama mgonjwa, lakini iliyo kubwa ni muda. Mwili wa binadamu una uwezo wa kukishinda karibu kila kimelea kinachouingia. Unachokosa ni siku. Na karibu kila kitu ambacho utabibu umekibuni kuhusu kinga tangu mwishoni mwa karne ya 19 ni njia ya kuutafutia mwili siku hizo.

Limfosaiti ni aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama theluthi moja ya seli nyeupe zinazohesabiwa kwenye kipimo cha damu, ila damu hubeba sehemu ndogo tu ya limfosaiti zote. Nyingi ziko kwenye wengu, utumbo, uboho wa mifupa, na katika tezi ndogo zilizotawanyika shingoni, kwapani na kinenani. Mtu akijikwaa, kidonda cha kidole kikatunga usaha, kisha akahisi uvimbe unaouma kinenani, husema ameota mtoki. Uvimbe huo ni limfosaiti zinazozaana.

Zote huanzia ndani ya uboho. Zinazoitwa seli B humalizia kukomaa humohumo. Zinazoitwa seli T huhamia kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, na huko hupita mchujo mkali. Ile isiyoweza kutambua chochote hufa. Ile inayoushambulia mwili wenyewe huuawa. Nyingi hazivuki.

Kila limfosaiti inayovuka ina kipokezi cha umbo moja tu, kinachoweza kushikana na kitu cha umbo linalolingana nacho. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwili hausubiri uone ugonjwa ndipo utengeneze kipokezi chake. Hutengeneza mapema mamilioni ya maumbo tofauti, kwa kukata na kuunganisha upya vipande vya jeni, kisha hungoja. Mwanasayansi wa Australia, Macfarlane Burnet, ndiye aliyeeleza mwaka 1957 kwamba kimelea huichagua seli inayolingana nacho, na seli hiyo ndiyo huzaana. Susumu Tonegawa wa Japani, akifanya kazi Basel nchini Uswisi, alionyesha mwaka 1976 jinsi jeni hizo zinavyokatwa na kuunganishwa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Mtumba mwaka 1990 alikuwa na limfosaiti zinazolingana na kirusi cha homa ya Bonde la Ufa kabla kirusi hicho hakijamkaribia. Shida yake ilikuwa idadi. Seli zinazolingana na kimelea fulani huenda zikawa moja kati ya laki moja, au hata moja kati ya milioni, na kila moja iko safarini.

Safari yenyewe mkazi wa Dodoma anaweza kuielewa kwa kufikiria minada ya ng'ombe. Mnunuzi anayetafuta ng'ombe mwenye alama moja tu huenda mnada wa leo, asipomwona akaenda wa kesho mji mwingine, na wa keshokutwa kwingine. Limfosaiti nayo huingia kwenye tezi, hukaa humo saa kadhaa, isipokutana na kinacholingana na kipokezi chake hutoka, hupita kwenye mishipa ya limfu, hurudi kwenye damu, na kuingia tezi nyingine. James Gowans wa Oxford alilithibitisha jambo hilo kwa panya miaka ya 1950. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini limfosaiti ni seli zisizo na kazi ya maana. Wakati huohuo, seli nyingine zilizokutana na virusi kwenye ngozi au ini hubeba vipande vyake na kuvipeleka kwenye tezi za jirani. Kukutana hutokea humo.

Kukutana huko huchukua siku moja au mbili. Seli B iliyochaguliwa, ikipata msaada wa seli T, huanza kugawanyika mara mbili au tatu kwa siku, na baada ya siku tano uzao wa seli moja hufikia maelfu. Sehemu ya uzao huo hugeuka kuwa seli za plazima, ambazo hazina kazi nyingine isipokuwa kutengeneza kingamwili: kila moja hutoa takribani 2,000 kwa sekunde. Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha zake mbili zina umbo lilelile la kipokezi kilichochaguliwa. Zinazotangulia huitwa IgM, ambazo ni Y tano zilizounganishwa pamoja. Baadaye huja IgG, iliyo Y moja, inayoshika kwa nguvu zaidi kwa sababu seli B zinaendelea kujirekebisha kadiri zinavyozaana.

Kingamwili zikishapatikana kwa wingi, homa ya Bonde la Ufa haina mahali pa kukimbilia. Kirusi chake kina protini mbili usoni, Gn na Gc, na ndizo kinazozitumia kuingia ndani ya seli za ini. Kingamwili zikizikalia protini hizo, kirusi hubaki nje kikielea hadi kimezwe na seli za usafi. Lakini dalili huanza siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa, na wale wanaopata hali ya kutokwa damu hufariki mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 6 tangu dalili zianze. Ni siku zilezile ambamo IgM ndiyo kwanza inaanza kuonekana. Aliyepona alizifikia. Aliyefariki alizikosa kwa siku mbili, pengine moja.

Kingamwili zina kazi ya pili ambayo wananchi huikuta maabara bila kuelezwa. Ndizo shahidi. Sehemu ya wagonjwa wa 2007 walithibitishwa kwa kutafuta IgM katika damu yao, kwa kuwa IgM hutoweka baada ya wiki au miezi michache, na ikikutwa maana yake maambukizi ni ya karibuni. IgG hubaki kwa miaka mingi. Ikikutwa peke yake kwa mchungaji asiye na homa, inasema tu kwamba zamani kirusi kilipita hapo, labda akiwa mtoto, labda kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa malaria.

Kipimo cha haraka cha VVU katika vituo vya afya nacho hutafuta kingamwili, na kanuni ya siku inakihusu vilevile. Mtu aliyejiweka hatarini wiki iliyopita anaweza kuwa na virusi tele na bado kipimo kisionyeshe chochote, maana limfosaiti zake hazijamaliza kazi. Ndiyo sababu mshauri humwambia arudi baada ya miezi mitatu. Kwa mtoto mchanga wa mama mwenye VVU mambo hugeuka: kipimo cha kingamwili kitaonyesha maambukizi hata kama mtoto ni mzima, kwa sababu IgG ya mama ilivuka kondo la nyuma na ingali katika damu yake. Kwa watoto hao, kabla hawajafikisha miezi 18, huchukuliwa tone la damu, hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kutafutwa kirusi chenyewe. Mama akielezwa jambo hili kwa lugha yake anaelewa mara moja, na anastahili kuelezwa kila mara.

Ulimwengu ulijua habari za kingamwili muda mrefu kabla ya kujua zinatoka wapi. Mwaka 1890, jijini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba seramu ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda au dondakoo humkinga mnyama mwingine. Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba mwaka 1901. Chimbuko la kingamwili hizo lilikuja kupatikana kupitia kuku. Bruce Glick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alikuwa amewaondoa kuku kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la kutolea kinyesi, akitaka kujua kina kazi gani, asiambulie jibu. Mwenzake Timothy Chang alihitaji kuku wa kuwaonyeshea wanafunzi jinsi kingamwili zinavyotokea, akawachukua kuku hao. Somo likaharibika: wengi hawakutoa kingamwili yoyote. Jarida la Science lilikataa makala yao, ikachapishwa mwaka 1956 katika jarida la wafugaji wa kuku, Poultry Science, na ikapita miaka kabla watafiti wa tiba hawajaisoma. Herufi B katika jina la seli B ilitokana na jina la kifuko hicho, bursa. Binadamu hana bursa; kazi hiyo kwake hufanywa na uboho.

Seli T ziligunduliwa kwa njia inayofanana. Mwaka 1961, London, Jacques Miller aliwaondoa panya wachanga tezi ya thaimasi. Panya hao walidhoofika kwa maradhi, na walipopandikizwa ngozi ya panya wengine hawakuikataa. Ugunduzi huo una uzito wake Dodoma leo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na kila aliyepandikizwa humeza kila siku dawa za kuzituliza seli T, maana zisipotulizwa zitaishambulia figo ya ndugu yake kana kwamba ni ugonjwa.

Hapa panahitaji kutua kidogo, kwa sababu mazungumzo mengi ya kinga huishia kwenye kingamwili, na mfugaji ana ushahidi wa kutosha kwamba hazitoshi. Ushahidi huo ni ndigana kali.

Ndigana kali huletwa na kupe. Kimelea chake, Theileria parva, hakiziogopi limfosaiti. Huingia ndani yake na kufanya makao humo. Kikishaingia, huilazimisha limfosaiti igawanyike bila kikomo, nacho hugawanyika pamoja nayo, ili kila seli mpya izaliwe ikiwa na kimelea. Katika maabara za Muguga, nje kidogo ya Nairobi, watafiti waliona kwa darubini miaka ya 1960 jinsi kimelea kinavyojigawa sambamba na seli iliyokibeba. Ndiyo maana dalili ya kwanza anayoiona mfugaji ni tezi iliyo chini ya sikio kuvimba. Ni uvimbe wa mtoki pia, ila limfosaiti zilizomo zinazaana kwa amri ya adui. Ng'ombe wa kigeni asiye na kinga hufa ndani ya wiki tatu au nne.

Ng'ombe anayepona hubaki na kingamwili nyingi, na hapo awali ilidhaniwa kuwa ndizo zilizomponya. Lakini watafiti walipowadunga ng'ombe wengine seramu ya waliopona, haikuwakinga. Kimelea kikishakuwa ndani ya seli, kingamwili inayoelea nje haikifikii. Jibu kamili lilitolewa mwaka 1994 na Declan McKeever na wenzake katika ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, Nairobi. Walitumia ng'ombe mapacha wanaofanana kabisa. Walichukua seli T za aina ya CD8 kutoka kwa pacha mwenye kinga, wakampa pacha asiye nayo, wakamwambukiza ndigana. Alikingwa.

Seli T za CD8 huua. Hupita zikikagua uso wa seli nyingine, na zikikuta kipande cha protini ya kimelea kimetokeza juu ya seli, huitoboa seli hiyo na kuiua pamoja na kilichomo. Waliogundua kanuni ya ukaguzi huo ni Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, waliopewa Nobel mwaka 1996. Doherty ni daktari wa mifugo wa Australia, na inafaa vijana wanaosomea mifugo Mpwapwa walijue hilo.

Kutokana na maarifa ya Muguga ya miaka ya 1970, enzi za ushirikiano wa Kenya, Uganda na Tanzania katika utafiti, ilipatikana chanjo ya ndigana inayotumika hadi leo. Mnyama huchomwa vimelea hai vya aina tatu, mojawapo ikiwa imetokana na Serengeti, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini inayodumu mwilini muda mrefu. Dawa haiviui vimelea vyote. Hupunguza kasi yake. Ng'ombe huugua kidogo, seli zake za CD8 hupata wiki zinazohitaji kuzaana, na kinga inayobaki hudumu miaka. Vimelea huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, na hivyo kuifanya chanjo kuwa ghali na ngumu kuisafirisha. Hata hivyo wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakiilipia wenyewe tangu miaka ya 1990, kwa kuwa wamehesabu ndama wanaobaki hai.

Aina ya pili ya seli T, CD4, Watanzania waliijua kwa jina hilo kabla ya kulisikia neno limfosaiti. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, na hasa baada ya dawa za kufubaza VVU kuanza kutolewa bure mwaka 2004, kauli kwamba CD4 zimeshuka au zimepanda imesikika katika kila kliniki ya tiba na matunzo ya VVU (CTC). CD4 haziui. Huamuru. Bila ruhusa yake seli B nyingi hazitengenezi IgG nzuri, na seli za CD8 huchoka mapema. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 zipatazo 500 hadi 1,500 katika kila mikrolita ya damu. VVU huingia ndani ya hizo hasa, na zikishuka chini ya 200 mwili hushindwa na vimelea ambavyo kwa kawaida ungevimaliza bila homa. Mgonjwa wa namna hiyo bado ana seli B, bado ana kingamwili za zamani. Aliyekosekana ni mtoa amri. Dawa zikimezwa kila siku, virusi hunyamazishwa na CD4 hupanda tena taratibu, kwa miezi na miaka.

Kuna hali ambazo mwili hauwezi kupewa siku kwa njia yoyote, na hapo hubaki kuazima kingamwili za mtu mwingine. Mwaka 1995 Ebola ilipoizukia Kikwit, katika Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe na madaktari wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, saba waliishi. Wataalamu wengi wa nje walilipuuza jaribio hilo kwa kuwa dogo. Miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya mmoja wa manusura wa Kikwit ilichukuliwa, na ndani yake zikakutwa seli B za kumbukumbu ambazo bado zilikuwa zinaikumbuka Ebola. Kutoka kwa seli hizo ilitengenezwa kingamwili moja teule, mAb114.

Ilijaribiwa mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, vita vikiendelea na vituo vyenyewe vikishambuliwa, wagonjwa 681 waligawanywa katika makundi manne. Waliopata dawa ya remdesivir, asilimia 53 walifariki. Waliopata mchanganyiko wa zamani wa kingamwili uitwao ZMapp, asilimia 50. Waliopata mAb114 walifariki asilimia 35, na waliopata mchanganyiko mwingine, REGN-EB3, asilimia 34. Matokeo hayo yalionekana wazi kiasi kwamba Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa ili wote wapewe dawa mbili zilizofaulu. Na siku zilidai haki yake hata huko: kila siku moja mgonjwa aliyochelewa kufika kituoni iliongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 11 hivi.

Kuazima kingamwili si jambo la maabara pekee. Kila mtoto huzaliwa na IgG za mama yake, na maziwa ya mama humwongezea IgA, kingamwili zinazolinda utumbo. Mjamzito anayechanjwa pepopunda humchanjia na mtoto, na kwa njia hiyo Tanzania ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Lakini cha kuazima huisha. Nusu ya IgG za mama hupotea kila baada ya siku 21 hivi. Ratiba ya kadi ya kliniki imepangwa kwa kufuata hesabu hiyo: chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, maana ikitolewa mapema zaidi kingamwili za mama huviua virusi dhaifu vya chanjo kabla limfosaiti za mtoto hazijajifunza chochote. Dozi ya pili, iliyoingizwa nchini mwaka 2014, hutolewa miezi 18 kwa ajili ya watoto ambao ya kwanza haikushika.

Surua inastahili kuogopwa kuliko inavyoogopwa. Kirusi chake hupenda hasa limfosaiti za kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionyesha kwamba surua ilifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Mtoto hupona vipele, kisha nimonia aliyokwisha kuishinda humrudia. Mzazi anayeacha dozi ya miezi 18 kwa kuwa mtoto anaonekana mzima anaweka rehani kinga yote aliyokwisha kuipata mtoto huyo.

Turudi mabondeni. Chanjo ya mifugo ya homa ya Bonde la Ufa ipo tangu zamani. Kenneth Smithburn aliitengeneza mwaka 1949 kutokana na kirusi kilichonaswa kwenye mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Ni chanjo hai, dozi moja hukinga kwa miaka, ila inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Zipo nyingine zilizotengenezwa baadaye zikiwa na madhara machache. Kwa binadamu bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya umma. Inayotia matumaini inaongozwa na George Warimwe, mwanasayansi wa Kenya anayefanya kazi Kilifi na Oxford: majaribio ya awali yameonyesha watu waliochanjwa wakitoa kingamwili zinazokizuia kirusi, na kazi hiyo imeendelea Afrika Mashariki kwenyewe.

Ugumu wa chanjo ya mifugo uko kwenye kalenda. Mlipuko ukishaanza, kuchanja hakufai tena: limfosaiti za ng'ombe nazo zinataka wiki mbili au zaidi, mbu hawangoji, na sindano moja ikipita kwa wanyama wengi hukitoa kirusi kwa mgonjwa na kukipeleka kwa mzima. Wafugaji na maofisa mifugo wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa wachanje kati ya Septemba na Novemba, sindano moja kwa mnyama mmoja, na wenye mimba wasichomwe chanjo hai bila ushauri wa daktari wa mifugo. Anayekuta mimba iliyotupwa asiishike kwa mikono mitupu. Maziwa yachemke, nyama iive, na atakayepata homa baada ya kuchinja au kuzalisha mnyama amwambie mganga habari hiyo siku ya kwanza, asingoje aulizwe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu kabla ya Novemba, mwezi ambao mvua za kanda ya kati huanza kusogea. Mwaka ambao tangazo hilo litasema mvua ni za juu ya wastani, wizara mbili za Mtumba, ya afya na ya mifugo, zikae pamoja wiki hiyohiyo na kuhakikisha chanjo imefika vijijini kabla ya tone la kwanza.